Adhana Mlangoni mwa Sinema ya Shetani

KABLA ya picha yoyote kuonekana, yasikika sauti. Pazia la sinema ni jeusi, jina la filamu limeandikwa kwa herufi nyekundu, na muadhini apaza sauti yake: Allahu Akbar, Allahu Akbar. Ndivyo inavyofunguka The Exorcist, filamu ambayo kwa muda wa nusu karne hutajwa kila watu wanapobishana ni sinema gani ya kutisha kuliko zote. Jina lake sisi watu wa pwani hatuhitaji kamusi kulifasiri, maana kazi yenyewe twaijua mitaani mwetu. Ni Mpunga Pepo.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wameiona. Wengine kwa kanda za video zilizopita mkono kwa mkono miaka ya themanini, wengine juzi tu kwenye simu zao. Nikiwauliza wakumbuka nini, hunitajia kichwa cha yule msichana kikizunguka, na kitanda kikirukaruka. Ni wachache wanaokumbuka kuwa hadithi hii ya mapadri wa Washington ilianzia nchi ya Waislamu, tena kwa mwito wa sala. Leo nataka tuziangalie zile dakika kumi za mwanzo peke yake. Hayo mengine ya kitandani yameshaandikwa ya kutosha.

Kwanza tuwajue wenyewe. Kitabu kilitungwa na William Peter Blatty, Mmarekani aliyezaliwa New York kwa wazazi waliotoka Lebanon, nacho kilitoka mwaka 1971. Ndiye pia aliyeandika mchezo wa filamu. Mwelekezi alikuwa William Friedkin, kijana wa Chicago aliyeanza kwa kutengeneza filamu za habari za kweli za televisheni, na ambaye alikuwa ametoka kupata tuzo ya Oscar kwa The French Connection. Filamu yao ilifunguliwa Marekani tarehe 26 Desemba 1973. Ilipendekezwa kwa tuzo kumi za Oscar ikapata mbili: moja ya uandishi, na ya pili, msomaji itie akilini maana tutairudia, ilikuwa tuzo ya sauti.

Sasa jiweke katika nafasi ya mwelekezi aliyekaa na makaratasi yake akipanga ataanza wapi. Hadithi yake ni ya msichana mdogo katika nyumba ya kitajiri mtaa wa Georgetown, aliyeingiliwa na pepo. Njia nyepesi i wazi: anza na nyumba hiyo usiku, mlango ulie, kitu kikwaruze darini, mama ashtuke. Mkwaruzo wa darini umo kweli kwenye filamu, lakini waja baadaye. Friedkin alikataa kuanza nao. Kitabu cha Blatty kilikuwa na dibaji iliyofanyika kaskazini mwa Iraq, mahali pa kuchimbua mambo ya kale, na mwelekezi akashikilia kuwa dibaji hiyo lazima ipigwe picha, na ipigwe Iraq yenyewe, si katika jangwa la Marekani lililopambwa ngamia wa kukodi.

Hilo halikuwa jambo dogo. Iraq ilikuwa imevunja uhusiano wa kibalozi na Marekani tangu vita vya Juni 1967, na uhusiano huo haukurudishwa hadi 1984. Hakuna balozi wa kumkimbilia mtu akipata matata. Wenye kampuni hawakuwa na hamu ya kupeleka fedha zao huko kwa ajili ya dakika kumi ambazo ndani yake hakuna msichana, hakuna kitanda, na karibu hakuna maneno. Hata hivyo Friedkin alikwenda, katika kiangazi cha 1973, kazi ya Marekani ilipokwisha. Alichukua mpiga picha Mwingereza, Billy Williams, na mwigizaji Max von Sydow, Msweden. Joto lilikuwa la kuyeyusha, wakawa wapiga picha asubuhi mapema na jioni, mchana wote wajificha. Von Sydow wakati huo alikuwa na umri wa miaka 44 tu. Yule mzee wa miaka sabini na kitu tunayemwona ni kazi ya mikono ya fundi wa sura, Dick Smith, naye ilimbidi avumilie sura hiyo usoni katika jua lile.

MZEE ANAYETETEMEKA

Adhana yaisha, jua laonekana, kisha twaona vibarua wengi wakichimba. Sauti za majembe na sululu zimejaa masikio. Kijana aja mbio kumwita mzee mgeni, padri Merrin, kuwa kimepatikana kitu. Mzee ainama kwenye shimo, atoa medali ndogo ya Kikristo ambayo haikustahili kuwa pale, kisha kichwa kidogo cha mawe cha kiumbe wa kutisha. Basi. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna ngoma iliyolia.

Baadaye yu mkahawani, mbele yake kibilauri cha chai, na mkono wake watetemeka alipokuwa akitoa kidonge cha dawa. Apita uchochoroni penye wahunzi wakifua chuma, nyundo moja juu ya nyingine, na mhunzi mmoja ageuka kumtazama, jicho lake moja ni jeupe. Aenda kuagana na Mwarabu mwenzake katika kazi ya mambo ya kale, wazungumza kwa Kiarabu maneno machache, na saa ya ukutani yasimama. Hakuna anayesema lolote kuhusu saa. Njiani nusura akanyagwe na gari la farasi lililompakia bibi kizee aliyevaa nguo nyeusi. Mwisho afika kwenye magofu. Walinzi wenye bunduki wamtoka mbio, wamtambua, wamwacha. Ndipo apanda juu ya kifusi, na mbele yake imesimama sanamu kubwa yenye mabawa, uso wa mnyama, mkono mmoja juu. Mbwa wapigana chini. Upepo wavuma. Mzee na sanamu watazamana, jua lazama, na sauti ya mbwa yamezwa na mngurumo wa mji wa Marekani.

Nimeieleza kwa urefu makusudi, ili msomaji aone yasiyokuwemo. Hatukuona pepo. Hatukuambiwa sanamu ni ya nani. Hatukuambiwa hata mzee ataka nini. Na ukishavuka kwenda Marekani, humwoni tena mzee huyo zaidi ya saa moja, mpaka siku ashukapo kwenye teksi usiku, chini ya taa ya barabarani, mbele ya ile nyumba. Hapo ndipo unapojua kuwa dakika kumi za Iraq zilikuwa deni, na sasa lalipwa.

Ujuzi wa Friedkin, kwa maoni yangu, umo katika mkono ule unaotetemeka. Mtu mjinga akiogopa, watazamaji humcheka. Mjuzi akiogopa, kila mtu hunyamaza. Sote tulipokuwa wadogo tulilijua hilo bila kufundishwa: umeme ukikatika usiku na kitu kikaanguka uani, hatukutazama giza, tulimtazama nyanya. Akiendelea kutafuna tambuu yake, tulilala. Akiacha kutafuna, hapo tena. Friedkin alimchukua mtu mwenye elimu, mwenye umri, mwenye dini yake, akamfanya aache kutafuna, kwa kusema.

Na kwa kuwa alitoka katika filamu za habari za kweli, alijua kuwa vitu vya kila siku ndivyo vinavyosadikisha. Wahunzi, chai, vumbi, mbwa. Lalo Schifrin, mtunzi wa muziki mwenye jina, alimtungia muziki wa filamu hiyo, naye akaukataa. Katika sehemu ya Iraq nyundo ndizo muziki. Tuzo ile ya sauti haikutolewa bure.

Mwaka 2000 walipoitoa filamu upya waliongeza vipande, na mbele ya Iraq wakaweka picha ya nyumba ya Georgetown usiku na sanamu ya Bikira Maryamu. Waliharibu. Mlango ulikuwa mmoja, nao wakajenga kibaraza mbele yake.

"MBONA WAMEADHINI?"

Sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike. Mara ya kwanza kuiona filamu hii ilikuwa nyumbani kwa jirani, kwa kanda ya video, chumba kimejaa watoto wa mtaa na watu wazima wawili watatu waliojifanya wamekuja kutuangalia tu. Kanda ilipoanza na sauti ikatoka, Bi mmoja wa makamo aliyekuwa pembeni akichambua mchele alitukemea: "Nyamazeni, kwaadhiniwa!" Akaanza kuitikia kama ilivyo desturi, akafika katikati, ndipo akatambua kuwa sauti yatoka kwenye televisheni. Akauliza hii ni sinema ya nini. Akaambiwa ni ya Shetani anayemwingia mtoto. Bi akatazama kile kioo kwa mshangao, akasema: "Basi mbona wameadhini? Si hatakuja tena?"

Tulicheka siku ile, lakini Bi yule alisema jambo ambalo sijaliona katika maandishi ya wahakiki wa Ulaya na Marekani niliowasoma. Kila aliyekaa chuoni mbele ya mwalimu ameisikia hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira, kwamba sala inapoadhiniwa Shetani hukimbia akaenda mbali asiisikie. Ikiisha hurudi. Ikikimiwa hukimbia tena, kisha hurudi kumtia mtu wasiwasi katika sala yake. Ndiyo maana mtoto wetu akizaliwa, sauti ya kwanza anayotiwa sikioni ni hiyo. Adhana kwetu ni kufuli. Friedkin aliitumia kuwa ni kubisha hodi kwa yule ambaye kufuli limewekwa kwa ajili yake.

Yuko atakayesema nawaonea: mambo yafanyika Iraq, na Iraq watu huadhini, je alitaka wapige kengele? Hoja hiyo ina uzito wake. Mwelekezi aliyetaka ukweli wa mahali hawezi kuacha sauti ya mahali. Laiti adhana ingesikika kwa mbali wakati mzee anywa chai, ikachanganyika na nyundo na mbwa, nisingekuwa na neno. Lakini haikuwekwa hapo. Imewekwa juu ya giza na jina jekundu, kabla ya mtazamaji kujua kuwa kuna Iraq. Hapo haielezi mahali, yaeleza hofu. Yamwambia mtu wa Chicago au London ambaye hajawahi kuisikia maishani mwake: tayarisha moyo wako, baya laja.

Na aliyesoma vyuoni atajiuliza jingine dogo: adhana hii ni ya sala gani? Maana pamoja nayo twaonyeshwa jua. Ikiwa jua lachomoza, alfajiri imekwisha. Ikiwa lazama, magharibi haijaingia. Lakini hayo ni ya kwetu sisi. Mtu wa Chicago hajui saa.

Sidai kuwa Friedkin, aliyefariki mwaka 2023, alikusudia kuitukana dini. Nasema kwamba alitafuta sauti ambayo kwa watazamaji wake ilikuwa ngeni, nzuri na isiyoeleweka, akaipata, na kwa kuwa hawaielewi ikawa yatisha. Tangu hapo tumezisikia filamu ngapi na tamthilia ngapi za televisheni ambamo adhana yalia, na kabla haijafika hayya alal falah bomu limelipuka au mtu ametekwa? Sikusema zote zimejifunza kwa Mpunga Pepo. Lakini mazoea yamejengeka, na mtu aliyelelewa na mazoea hayo akishuka uwanja wa ndege wa Moi akalala Mji wa Kale, sauti ya kwanza ya alfajiri itamfanyia nini? Sisi tumeamshwa nayo maisha yetu yote. Yeye ameogopeshwa nayo kabla ya kuja.

HIRIZI ILIYOGEUZWA JITU

La ajabu ni kuwa adhana si kinga pekee iliyogeuzwa kitisho katika dakika zile kumi. Sanamu ile ya magofuni ni ya Pazuzu, pepo wa upepo mbaya katika imani za watu wa kale wa Ashuru na Babeli, miaka mia kadhaa kabla ya Nabii Isa. Alikuwa mbaya kweli, lakini watu wale walimtumia. Walitengeneza kichwa chake kidogo cha mawe au shaba wakamvisha mwanamke mjamzito au wakakitundika chumbani kwa mzazi, ili amfukuze pepo mwingine, Lamashtu, aliyekuwa akishambulia wazazi na watoto wachanga. Kwa maneno mengine, kitu alichokiokota padri Merrin shimoni, kama kingekuwa cha kweli, huenda kilikuwa hirizi ya mama aliyetaka mtoto wake aishi. Filamu yenyewe yagusa jambo hili kwa neno moja la yule Mwarabu wa makumbusho, kisha yalipita, na kwa saa mbili zinazofuata Pazuzu ni adui wa mtoto.

Tena Pazuzu wa kweli si jitu. Sanamu yake mashuhuri ya shaba iliyoko katika jumba la Louvre, Paris, ina kimo cha sentimita 15 hivi, na juu ya kichwa ina kipete cha kutungikia. Yaingia mkononi. Lile pandikizi tunaloliona likisimama dhidi ya anga lilitengenezwa na watu wa filamu.

Kitu kimoja walikipatia, sijui kwa kujua au kwa bahati, nacho ni upepo. Katika picha ile ya mwisho ya Iraq wavuma na kuvuma, hata mtu ahisi mchanga machoni. Sisi lugha yetu imeshalisema zamani: pepo na upepo ni shina moja. Waarabu nao wana riihi na ruuhi, upepo na roho, shina lile lile. Mswahili akitazama kipande kile haitaji kuelezwa nini kinachompiga mzee usoni.

Na magofu yenyewe yastahili kutajwa, maana hayakuwa mapambo. Ni mji wa Hatra, ambao Waarabu huuita al-Hadhr, kama kilomita 110 kusini magharibi ya Mosul. Ulistawi karne za mwanzo baada ya Nabii Isa, ukawashinda wafalme wa Roma, Trajan na Septimius Severus, walipojaribu kuuteka. Mwaka 1985 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia, wa kwanza katika Iraq. Mwaka 2015 watu wa kundi lililojiita Dola ya Kiislamu waliingia wakazivunja nyuso za mawe kwa nyundo na kuzipiga risasi, na mwaka 2017 majeshi ya Iraq yakaukomboa. Ukitazama filamu sasa, baadhi ya mawe unayoyaona nyuma ya Max von Sydow hayako tena kama yalivyokuwa. Huo ndio mtisho uliomfika Hatra kweli, nao haukuja na upepo.

WENGINE WALIFUNGUA VIPI

Kuna Waislamu walioiona filamu hii wakasema watengeneze yao. Mwaka 1974, mwaka mmoja tu baadaye, Metin Erksan wa Uturuki alitoa Şeytan. Aliifuata ya Friedkin hatua kwa hatua, padri akaondolewa, na maji ya zamzam yakashika nafasi ya maji ya baraka. Mwishoni msichana aonekana msikitini. Vyema. Lakini mlango aliuacha vile vile: jangwa, wachimbaji, mzee, sanamu. Alibadilisha chumba cha ndani akasahau kubadilisha mlango, na mlango ndio unaomwambia mgeni amefika nyumba ya nani.

Stanley Kubrick katika The Shining ya 1980 alifanya kinyume. Filamu yake yaanza kwa gari dogo la manjano likipita barabara ya milimani huko Montana, likitazamwa kutoka juu na helikopta. Kubrick mwenyewe hakutoka Uingereza, aliwatuma watu. Hakuna kitu katika picha ile, ni maji, miti, na gari. Lakini muziki wake, kazi ya Wendy Carlos na Rachel Elkind, umejengwa juu ya wimbo wa kale wa maziko wa Kanisa la Roma, wimbo wa Siku ya Hukumu. Alipotaka kuwatisha watu wa magharibi alikwenda katika maziko ya magharibi, akachukua sauti ambayo wao wenyewe waliiogopa tangu babu zao. Hofu ile ni halali yao.

Na iko moja ninayoipenda zaidi ya hizo, nayo ni Under the Shadow, ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Babak Anvari, mzaliwa wa Tehran. Lugha ni Kiajemi, mambo yafanyika Tehran miaka ya themanini wakati wa vita na Iraq, ijapokuwa picha zilipigwa Jordan. Ni filamu ya jini. Walakini yaanza ofisini: mwanamke amekaa mbele ya mkuu wa chuo kikuu, ambaye amwambia kuwa kwa sababu ya siasa zake za zamani hataruhusiwa kurudi kumaliza masomo ya udaktari. Hilo tu. Jini akija baadaye, na katika filamu hiyo huja na upepo vile vile, amkuta mwanamke aliyekwisha kunyang'anywa kitu. Anvari hakuhitaji kuazima sauti ya mtu yeyote.

Hapa kwetu vijana wameanza. Simu moja nzuri na kompyuta moja ya kuungia picha, na mtu ni mwelekezi. Wiki kadhaa zilizopita kijana mmoja wa mtaani alinijia na daftari lake, ataka nimsahihishie Kiswahili cha filamu ya jini anayokusudia kuipiga Mji wa Kale. Nikasoma ukurasa wa kwanza. Usiku, makaburi, adhana imepunguzwa kasi mpaka imekuwa nzito kama mngurumo, kwa mbali ngoma ya pepo, kisha mwanamke wa buibui asiye na uso.

Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe ukisikia adhana huogopa?"

"La, Maalim. Kwa nini niogope?"

"Na mamako akisikia ngoma ya pepo huogopa?"

Akacheka, maana mamake amewahi kuchezewa ngoma hiyo akapona, na mtaa mzima wajua. Nikamuuliza basi ukurasa huu wamwandikia nani. Hakunijibu, na ni kijana mwenye adabu, kwa hiyo nilijua kuwa lile swali limemwingia.

Tukakaa barazani mpaka kahawa ikapoa. Nikamwambia aondoe makaburi, aondoe buibui. Bakisha alfajiri. Giza la saa kumi na moja kasoro, majogoo yameanza, jiko la mahamri limewashwa kona ya njia na cheche zaruka. Mzee ametoka uani na birika, atawadha pole pole, maji yasikika yakianguka kwenye jiwe. Viatu viwili vitatu vyapita uchochoroni kuelekea msikitini. Kipaza sauti cha mnara chafunguliwa, twasikia ule mkwaruzo wake, na kile kikohozi kidogo cha muadhini ambacho kila mtu wa mtaa akijua.

Kisha hakuna kitu.

Mzee aacha mkono juu ya birika. Muuza mahamri ainua kichwa. Waliokuwa wakitembea wasimama. Kipaza sauti bado ki wazi, chapumua. Majogoo nayo yanyamaza moja baada ya jingine, na mbingu yaanza kupambazuka juu ya mji ambao haujaadhiniwa.

Kijana alinyamaza muda, akaandika. Kisha akaanza ubishi wa kifundi, nami nikafurahi, maana ubishi wa kifundi ni dalili ya mtu aliyekubali. Alisema watazamaji wataona kimya wakadhani simu zao zimeharibika, wataibonyeza wapite. Yeye alitaka sekunde kumi. Mimi nilisema sitini. Tuliachana kwenye thelathini, na bado hajaamua kama muadhini ataonekana.